Lafudhi Si Uchafu

Katika nchi yetu iko kazi ambayo mtu hunyimwa kabla hajafunua kinywa, na akishakifunua hunyimwa mara ya pili. Kazi hiyo ni ya kumpokea mgeni katika hoteli kubwa. Mara ya kwanza jicho la mwajiri hupima urefu, rangi, meno, umbo na vazi. Mara ya pili sikio lake husikiliza r na l zimekaa wapi na mkazo umeangukia silabi gani, kisha hukatwa shauri kuwa huyu "anafaa kwa wageni" na yule "tutampigia simu". Simu hiyo haipigwi. Nami nadai, bila ya kupepesa maneno, kuwa huko si kuchagua wafanyakazi. Ni kuchagua makabila, mitaa na matabaka, kwa kutumia jicho na sikio badala ya daftari, ili pasibaki ushahidi.

Nayaandika haya kutoka Kasingirima, kata mojawapo ya Ujiji, katika Manispaa ya Kigoma Ujiji. Msomaji wa visiwani atauliza Kasingirima inahusiana nini na hoteli za Nungwi, Kiwengwa au Masaki. Inahusiana sana. Mkoa wetu una Gombe na una Mahale, hifadhi mbili ambazo mgeni hulipa fedha nyingi ili aende kuwatazama sokwe, na kandokando ya Ziwa Tanganyika zipo kambi ambazo usiku mmoja humgharimu mgeni zaidi ya anachokipata mchuuzi wa dagaa wa Kibirizi kwa miezi. Kijana wa Kasingirima aliyesomea uhudumu huomba kazi katika kambi hizo, na akikosa hupanda treni kwenda Dar es Salaam, kisha boti kwenda Unguja. Huko kote hukutana na mlango ule ule. Kwa hiyo suala hili halina bara wala pwani. Lina waliomo na waliotolewa.

Kabla ya kuambiwa kuwa watu wa Ujiji hawana "sura ya mapokezi", tukumbushane historia kidogo. Ujiji ilikuwa ikipokea wageni kabla mji wa Kigoma haujafikiwa na reli, jambo lililotokea mwaka 1914. Misafara iliyotoka Bagamoyo kwa njia ya Tabora ilimalizikia hapa, ikapumzika hapa, ikala mgebuka na mawese ya hapa. Burton na Speke walifika mwaka 1858. Mwaka 1871 alifika Stanley akimtafuta Livingstone, na ulimwengu mzima unayajua maneno ambayo Stanley alidai kuyasema. Wachache wanakumbuka kwamba kabla hajayasema maneno hayo, alipokewa na mtu mwingine njiani, akaamkiwa kwa Kiingereza katikati ya kelele za umati. Mtu huyo alikuwa Susi, mtumishi wa Livingstone, mzaliwa wa upande wa Shupanga, Msumbiji. Huyo ndiye mpokeaji mashuhuri kuliko wote katika historia ya mji wetu. Hakuna aliyemuuliza lafudhi yake ni ya wapi. Na Livingstone alipofariki mwaka 1873, Susi na mwenzake Chuma, pamoja na wenzao, ndio walioubeba mwili wake hadi Bagamoyo, safari ya miezi mingi, wakaufikisha mwanzoni mwa 1874. Ikiwa kumhudumia mgeni maana yake ni uaminifu, subira na akili ya kutatua shida, basi mfano wake mkubwa ulipita katika vichochoro vyetu. Leo Susi angeomba kazi ya mapokezi katika hoteli ya nyota tano, nani angempa?

Sasa tuitazame hoteli yenyewe inavyofanya kazi. Kila hoteli kubwa ina nyumba mbili ndani ya nyumba moja. Iko nyumba ya mbele: mapokezi, mlangoni, mezani, baa. Na iko nyumba ya nyuma: jikoni, kwa dobi, bustanini, stoo, na usafi wa vyumba unaofanywa wakati mgeni yuko ufukweni. Mbele wanawekwa wanaotakiwa kuonekana na kusikika. Nyuma wanawekwa wanaotakiwa kufanya kazi bila ya kuonekana. Mtu asidhani tofauti hii ni ya heshima tupu. Bakshishi hutolewa mbele. Lugha za kigeni hujifunzwa mbele, kwa kuzungumza na wageni kila siku. Meneja wa kesho hutafutwa mbele, kwa sababu ndiye anayejulikana. Kwa hiyo mtu akisukumwa nyuma kwa ajili ya sura yake au ulimi wake, hakunyimwa kusimama penye taa tu, amenyimwa ngazi. Miaka kumi baadaye wataulizana kwa nini watu wa kwao hawapandi vyeo, na jibu litatolewa kwa uso mkavu: "Hawana uzoefu wa wageni."

Watetezi wa mtindo huu wana hoja, na ni haki tuisikilize. Wanasema hoteli ni biashara, na mgeni halipii kitanda peke yake, analipia pia mandhari. Na mfanyakazi ni sehemu ya mandhari hayo. Kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza. Hoja hii si ya kwetu peke yetu. Mwishoni mwa miaka ya 1990 na mwanzoni mwa 2000 watafiti wa Glasgow, akiwemo Chris Warhurst na Dennis Nickson, walichunguza hoteli, mikahawa na maduka ya mji huo, wakaona kuwa waajiri wengi walitafuta watu "wenye sura nzuri na sauti inayofaa" kabla ya ujuzi, kwa imani kuwa ujuzi hufundishika ila sura haifundishiki. Kumbe basi hata huko Uskochi mtoto wa mtaa wa wafanyakazi alibaguliwa kwa lafudhi yake na Waskochi wenzake. Ugonjwa ni wa dunia. Lakini tangu lini ugonjwa ukawa halali kwa kuwa umeenea?

Na methali waliyoishika ina ndugu yake wasiyemtaja: uzuri wa mkakasi, ndani kipande cha mti. Mgeni aliyepotelewa na mzigo wake saa nane za usiku, au ambaye mtoto wake amepandwa na homa, haihitaji pua ya mpokeaji. Anahitaji mtu atakayemsikiliza, atakayejua daktari yuko wapi, na ambaye hatadanganya. Isitoshe, wanaosema "wageni ndio wanaotaka hivyo" aghalabu hawakumuuliza mgeni. Wamejiuliza wenyewe, kisha wakamtwika mgeni jibu lao. Mtalii aliyesafiri maelfu ya maili ili aione Afrika, kweli atakasirika kwa kuwa Mwafrika aliyemwamkia ana sauti ya Kiafrika?

Nije kwenye lafudhi, kwani hapa ndipo wapenzi wa ushairi na lugha tunapohusika kwa karibu, na hapa sitawaonea haya ndugu zangu wa mwambao. Kiswahili Sanifu tunachojivunia kilichaguliwa. Mkutano wa Mombasa wa 1928 uliamua lahaja ya mji wa Unguja iwe ndio msingi, na Kamati ya Lugha iliyoundwa mwaka 1930 kwa ajili ya Kenya, Tanganyika, Uganda na Unguja ikaisimamia kazi hiyo. Uamuzi ule ulihusu vitabu vya shule na tahajia. Haukusema popote kuwa mzungumzaji wa Kimvita ni duni, kuwa Mmakunduchi au Mtumbatu au Mpemba ana kasoro ya ulimi, wala kuwa Mswahili wa Ujiji ni wa kuchekwa. Hukumu hizo tumeziongeza sisi wenyewe, barazani, kwenye michezo ya kuigiza, katika vichekesho vya redio ambamo mtu wa bara lazima awe mjinga na lazima ajulikane kwa r na l zake. Mwenye hoteli hakuzua kitu. Ameliokota kosa letu, akalitundika ukutani likawa sharti la kazi. Na msu wenyewe unakata kuwili: binti wa Tumbatu anayeomba kazi mjini naye huambiwa kuwa anasema "kishamba". Aliyemcheka mtu wa Ujiji jana, leo anachekewa mwanawe.

Na Kiswahili cha Ujiji si cha juzi. Kilikuja na misafara, kikaoa na kuolewa na Wamanyema, Wabwari, Wagoma na Waha, kikavuka ziwa kwenda mashariki ya Kongo, kikapanda kaskazini hadi Buyenzi ya Bujumbura. Kuna watu waliozaliwa ndani ya lugha hii kwa vizazi vingi ambao hawajaiona bahari ya chumvi. Kuwaambia kuwa hawajui Kiswahili kwa kuwa hawakisemi kama mtu wa Malindi ya Unguja ni sawa na kumwambia mto kuwa si maji kwa kuwa haupwi wala haujai.

Kwetu lafudhi inabeba mzigo mwingine mzito zaidi. Kiha na Kirundi ni lugha ndugu, zinakaribiana mno. Mkoa wetu umewapokea wakimbizi wa Burundi tangu 1972, na wa Kongo kwa wingi tangu 1996, mwaka ilipofunguliwa kambi ya Nyarugusu wilayani Kasulu. Kuwapokea ni fahari yetu. Lakini matokeo yake ni kwamba mtu wa Kigoma akifunua kinywa mbali na kwao hutiliwa shaka uraia wake. Malalamiko haya yamesemwa hadharani miaka mingi, na wabunge wa mkoa huu wameyafikisha bungeni. Basi fikiri binti wa Kasingirima yuko mbele ya meza ya usaili. Wenziwe huulizwa wanajua nini. Yeye huulizwa kwanza babu yake alizikwa wapi. Sauti yake imegeuzwa pasipoti, tena pasipoti inayokataliwa. Wakati huo huo taifa hili hili mwaka 2012 liliucheza wimbo wa "Leka Dutigite" wa wasanii wenye asili ya Kigoma, jina lake likiwa Kiha kitupu. Maana yake ni kuwa ulimi wetu unafaa jukwaani, haufai mapokezini. Twaruhusiwa kuwaburudisha, haturuhusiwi kuwakaribisha.

Wala si mara ya kwanza miili yetu kupangiwa mahali. Wakati wa Waingereza Kigoma ilikuwa mojawapo ya machimbuko makubwa ya manamba. Wenye mashamba ya mkonge walianzisha ofisi yao ya kuajiri, SILABU, mwaka 1944, na vijana wa Kiha walipakiwa kwenye mabehewa wakapelekwa Tanga na Morogoro. Huko hapakuwa na mtu aliyelalamikia lafudhi. Kilichotazamwa ni mabega. Nayasema haya ili ieleweke kuwa jicho linalomtazama mwombaji na kuamua papo hapo "huyu wa kubeba, yule wa kusimama mbele" halikuzaliwa pamoja na utalii. Ni jicho la zamani lililobadilisha miwani.

Tuitazame na sura. Wale wanaodai kuwa wanataka "unadhifu" tu, waulizwe unadhifu huo una rangi gani. Kwa nini wasichana wanaotafuta kazi za mbele hujichubua kwa mkorogo, hata kwa vipodozi vyenye zebaki na haidrokwinoni ambavyo mamlaka zetu zimevipiga marufuku? Hawakuota jambo hilo usingizini. Wamesoma nyuso za waliochaguliwa. Au tuchukue meno. Sehemu za Arusha na Kilimanjaro maji yana madini ya floridi kwa wingi, na mtoto aliyeyanywa hukua na meno ya rangi ya kahawia, hata ayapige mswaki mara ngapi. Mtu wa aina hiyo akikataliwa kazi kwa "tabasamu lisilovutia", amekataliwa kwa ajili ya kisima cha kijiji chake. Je, huko ni kutazama unadhifu, au ni kutazama mahali alipozaliwa?

Kisha mtandio. Hapa unafiki umevua nguo. Zipo hoteli za mwambao zinazompa kijana kanzu na kofia asimame mlangoni, mfano wa wale maboi wa zama za ukoloni waliovishwa kanzu nyeupe na tarbushi nyekundu. Zimeweka milango ya nakshi, zimetandika kanga vitandani, zinafukiza udi jioni. Utamaduni wetu wanaupenda ukiwa pambo. Lakini binti Mwislamu, wa Kasingirima au wa Makunduchi, akija amejifunika kichwa, huambiwa mtandio "hauendani na sare". Mlango wa Kiswahili unakaribishwa, Mswahili mwenyewe anazuiwa. Mwaka 2008 huko Tulsa, Marekani, Samantha Elauf alinyimwa kazi katika duka la nguo la Abercrombie kwa sababu mtandio wake ulipingana na kanuni za duka juu ya mwonekano. Mwaka 2015 Mahakama Kuu ya Marekani, majaji 8 kwa 1, iliuunga mkono upande wake. Hiyo ni nchi ambayo Waislamu ni wachache mno. Seuze sisi, katika visiwa ambavyo takribani watu wote ni Waislamu, na katika mji kama Ujiji?

Watu huniambia: sheria haijataja sura wala lafudhi. Ni kweli, na wenye hoteli wanalijua hilo. Lakini tuisome sheria yenyewe. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004, inayotumika Tanzania Bara, katika kifungu cha 7 inakataza ubaguzi kwa misingi ya rangi, utaifa, kabila au mahali mtu atokapo, asili ya kijamii, dini, jinsia, ulemavu, umri, hali ya maisha na mingineyo. Na kifungu hicho kinamhesabu mwombaji kazi kuwa ni mwajiriwa, ili mwajiri asije akasema "huyu hakuwa wangu bado". Lafudhi ni nini kama si mahali mtu atokapo panaposikika? Meno, ngozi iliyochomwa na jua la ziwani, kiatu cha mtumba, ni nini kama si hali ya maisha inayoonekana? Zaidi ya hayo, mlalamikaji akishaonyesha dalili za awali za ubaguzi, mzigo wa kuthibitisha kuwa haukuwapo humwangukia mwajiri. Upanga upo. Umeachwa alani kwa sababu mwombaji wa Kasingirima hajui kuwa ni wake, na anayejua hana nauli ya kuufuata.

Wenzetu wamekwenda mbele kidogo. Ufaransa iliingiza mwonekano wa mwili katika orodha ya misingi ya ubaguzi iliyokatazwa tangu 2001, na Novemba 2020 Bunge la Taifa la nchi hiyo lilipiga kura ya kuongeza lafudhi, ingawa kura hiyo ilikuwa hatua ya kwanza tu ya kutunga sheria. Sisi tunaoadhimisha Siku ya Kiswahili Duniani kila tarehe 7 Julai, tukisema ni lugha ya umoja, tumeshindwa hata kuujadili umoja huo mbele ya meza ya usaili.

Nisieleweke vibaya. Sisemi kuwa hoteli imwajiri asiyeeleweka, wala mchafu, wala asiyejua kazi. Mpokeaji lazima aelewane na mgeni. Hilo ni sharti halisi la kazi, na sheria inalikubali. Lakini kueleweka si lafudhi, na usafi si urembo. Kueleweka hupimika: mpe mtu simu, mpe mgeni mwenye hasira, mtazame. Na lugha hufundishika pia. Vijana wa Malindi na Watamu, Kenya, walijifunza Kitaliano ufukweni, bila ya darasa wala cheti, kwa kuwa waliruhusiwa kumkaribia mgeni. Ulimi wa mtu wa Kigoma haukuumbwa kwa mti.

Kwa hiyo nadai mambo manne. Kwanza, picha isitakiwe kwenye barua ya maombi. Anayetaka picha kabla ya ujuzi ameshasema anachokitafuta. Pili, mwombaji apimwe kwa vitendo, abebe sinia, ajaze kitabu cha wageni, asuluhishe ugomvi, na alama zake ziandikwe na kuhifadhiwa, ili afisa kazi akiziomba azikute. Tatu, mtandio uwe sehemu ya sare, ushonwe kwa rangi za hoteli kama zinavyoshonwa tai. Nne, kambi zinazokula matunda ya Gombe na Mahale zitangaze nafasi zake Ujiji na Kigoma, ubaoni, hadharani, na zitoe nafasi za mbele kwa watoto wa mkoa huu, si za kuchota maji na kufyeka majani tu.

La tano ni letu, wenye kalamu. Tuache kuandika wahusika wa bara ambao utani wao wote ni matamshi yao. Tuache kumpima malenga kwa mji aliozaliwa. Kila tunapocheka lafudhi ya mtu kwenye ukumbi, kuna meneja nyuma anayecheka pamoja nasi, kisha kesho yake anakwenda kuajiri. Na kwa kuwa ukurasa huu ni wa washairi, namwachia mwombaji wa Kasingirima ubeti mmoja auseme mbele ya meza ile:

Mlango wauzuia, sababu sauti yangu,
Mgeni namwamkia, mzigo wake ni wangu,
Sahani nashikilia, kwa mikono hii yangu,
Kosa langu nitajie, lisilo mji wa kwetu.

Mwenye hoteli anayeweza kumjibu na amjibu. Asiyeweza, na amfungulie.